Kabla hujafunga sola, piga hesabu

MALI bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo niliitumia katika insha nyingi nilipokuwa mwanafunzi, nikatuzwa alama, lakini maana yake sikuipata sawasawa hadi jioni moja nilipofika nyumbani kwetu Meru bila kutuma habari. Nilimkuta mama ameinamia koroboi jikoni, ilhali juu ya paa palikuwa na paneli ya sola niliyomnunulia kwa mshahara wangu wa mwezi mzima.

"Mama, kwani taa zimefanya nini?" nilimuuliza baada ya kumwamkia.

"Taa zako zilikufa, mwanangu," alinijibu huku akichochea moto. "Kwanza zilikuwa zinazimika saa nne za usiku, baadaye saa mbili, mwishowe zikakataa kabisa. Nikaona nisikusumbue. Najua huko Nairobi mna mambo yenu."

Kando ya meza alikuwa mpwa wangu, ambaye wakati huo alibakisha miezi minne afanye mtihani wa kidato cha nne. Alikuwa akisoma Kemia kwa mwangaza wa koroboi ile ile, na kila alipoinama kutazama mchoro, moshi ulimwingia puani. Sola ile niliinunua kwa ajili yake yeye, na kwa ajili ya kifua cha mama. Ilikuwa imedumu miezi saba tu.

Asubuhi yake jua lilichomoza na kuwaka kama kawaida yake. Halikuwa limekosa kazi hata siku moja. Ni nini basi kilichokufa? Jibu la swali hilo ndilo ninalotaka kumpa msomaji leo, maana najua wako wengi mjini wenye mpango kama wangu: kuwawashia wazazi taa kule mashambani, au kujiondolea wenyewe adha ya stima inayopotea bila kupiga hodi.

Tumbili aliyezima nchi

Adha hiyo haihitaji maelezo marefu. Mnamo Juni 7, 2016, tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, kwenye Mto Tana, akaanguka juu ya transfoma. Transfoma ikajizima, mitambo mingine ikalemewa na mzigo, na kwa muda wa zaidi ya saa tatu nchi nzima ikakosa stima. Tumbili mwenyewe alipona. Tena usiku wa Agosti 25, 2023, giza lilitanda karibu Kenya nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaathirika, na sehemu nyingi zikakaa hivyo hadi siku ya pili.

Mambo kama hayo hutokea kwa sababu umeme wa taifa umeungana wote kwenye mtandao mmoja wa nyaya. Hitilafu ikizuka mahali pamoja, kishindo chake huweza kufika hadi Mombasa na Kisumu. Nyumba yenye sola yake haiguswi na kishindo hicho. Hapo ndipo wengi wetu hukata shauri la kwenda dukani, na hapo pia ndipo makosa huanzia.

Jua la Kenya

Kwanza tufahamu mali tuliyo nayo. Nchi yetu imekatwa na Ikweta, na katika sehemu zake nyingi kila mita moja ya mraba hupokea kati ya uniti 4 na 6 za kawi ya jua kwa siku. Uniti ninayoitaja hapa ni ile ile tunayoinunua kwa tokeni. Chukua paa la mabati lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6. Likipokea uniti 5 tu kwa kila mita, hizo ni uniti 240 zinazoanguka juu ya nyumba hiyo kila siku ya Mungu. Ni nyumba chache sana zinazotumia uniti 240 kwa mwezi mzima.

Hata hivyo, si kawi yote hiyo inayoweza kuvunwa. Paneli hutengenezwa kwa silikoni, madini yatokanayo na aina fulani ya mchanga. Mwangaza unapoigonga silikoni iliyotayarishwa, chembe ndogo sana ziitwazo elektroni husukumwa na kuanza kutembea, na mwendo huo ndio umeme. Hakuna gurudumu linalozunguka wala moshi unaotoka. Wanasayansi wa maabara ya Bell huko Marekani walipoionyesha dunia paneli ya kwanza ya silikoni mwaka wa 1954, iliweza kugeuza sehemu 6 tu kati ya 100 za mwangaza kuwa umeme. Paneli nzuri za siku hizi hugeuza takriban 20 kati ya 100, yaani moja kwa tano.

Hapa kuna jambo linalowapotosha wengi. Paneli hula mwangaza, haili joto. Kwa hakika joto huipunguzia nguvu: kila digrii moja ya joto inayozidi 25 huinyang'anya karibu asilimia 0.4 ya umeme wake. Ndiyo sababu fundi mzuri huiinua paneli kidogo juu ya mabati ili upepo upite chini yake na kuipoza. Aliyeilaza juu ya mabati moto kama chapati kwenye kikaango, amekwisha kumpunja mwenye nyumba.

Wakenya si wageni wa mambo haya. Mwaka wa 1984, katika shule ya upili ya harambee ya Karamugi, sehemu za Meru, Mmarekani mmoja mhandisi, Harold Burris, alifunga sola ili wanafunzi wapate taa za kusomea. Mafundi wa hapa nchini walifunzwa kazi hiyo, na kutoka hapo ikaenea vijijini bila kungoja serikali. Wanunuzi wa kwanza walikuwa hasa walimu na wakulima wa kahawa na majani chai. Wengi wao tayari walikuwa na runinga ndogo zilizotumia betri ya gari, na kila betri ilipoisha nguvu iliwabidi kuibeba hadi mjini kwenda kuchajiwa. Paneli iliwaondolea safari hiyo.

Baada ya M-Pesa kuanzishwa mwaka wa 2007 mlango mwingine ulifunguka. Kuanzia mwaka wa 2012 kampuni ya M-KOPA iliuza sola ndogo ambazo mnunuzi alitoa arubuni kisha akalipa kidogo kidogo kwa simu kila siku. Mtindo huo uliigwa na wengine, na umezisaidia jamaa nyingi ambazo hazingeweza kutoa fedha zote kwa mkupuo. Lakini daftari lisisahaulike hapo pia. Shilingi 50 kwa siku huonekana kuwa ni bei ya soda, kumbe kwa mwaka mmoja ni shilingi 18,250. Kabla ya kutia kidole kwenye simu, zidisha malipo ya kila siku kwa idadi ya siku zote, ujumlishe arubuni, kisha ulinganishe na bei ya taslimu.

Hesabu ya nyumba moja

Sasa tufike kwenye hesabu yenyewe. Mwanafunzi aliye karibu na achukue kalamu awasaidie wazazi, kwani haina ugumu wowote. Kila chombo cha umeme huandikwa nguvu zake kwa wati. Ukizizidisha wati hizo kwa saa ambazo chombo kitatumika, utapata wati-saa. Wati-saa 1,000 ni uniti moja.

Tuseme nyumba ya mama ina taa 4 za LED, kila moja wati 5, na zinawaka saa 5 kila usiku. Hizo ni wati-saa 100. Runinga ndogo ya wati 20 ikitazamwa saa 4 ni wati-saa 80. Redio ya wati 5 ikisikizwa saa 6 ni 30. Simu tatu, kila moja ikihitaji kama wati-saa 10, ni 30 nyingine. Jumla ni wati-saa 240 kwa siku.

Lakini umeme hupotea njiani: ndani ya nyaya, ndani ya betri, kwa vumbi na kwa joto. Kadiria kwamba kati ya kila 100 utakazovuna, 70 ndizo zitakazofika kwenye taa. Kwa hiyo ili upate 240 ni lazima uvune kama 343. Jua kali la kutegemewa, ukilikusanya pamoja, ni kama saa 4 na nusu kwa siku katika sehemu nyingi. Gawanya 343 kwa 4.5, utapata paneli ya wati 76. Kwa kuwa mwezi wa Julai una mawingu, nunua ya wati 100 ulale usingizi.

Betri nayo? Betri za sola za kawaida ni za volti 12. Gawanya 240 kwa 12, unapata ampea-saa 20 kila usiku. Ikiwa ni betri ya risasi na asidi, usitumie zaidi ya nusu ya nguvu zake, kwa hiyo unahitaji 40. Ongeza siku moja ya mvua, inakuwa 80. Nunua ya ampea-saa 100. Ikiwa ni ya lithiamu, ambayo hustahimili kutumiwa hadi asilimia 80, basi 50 zatosha, ijapokuwa bei yake huwa juu.

Hesabu hiyo hiyo itakuonyesha kisichowezekana. Pasi ya wati 1,000 ikitumiwa nusu saa hula wati-saa 500, chakula cha nyumba ile cha zaidi ya siku mbili. Ile hita ya bafuni inayopasha maji papo hapo hula kama wati 5,000. Mtu mmoja akioga dakika 10 amemaliza wati-saa 833, yaani karibu siku tatu na nusu za taa, runinga, redio na simu! Kwa hiyo muuzaji anayekuambia kwamba paneli moja itawasha taa, itapiga pasi, itapika na kukuogesha, mpishe njia. Maji ya kuoga yana mtambo wake mwingine wa jua, ule wa mabomba na tangi juu ya paa, ambao hupasha maji moja kwa moja bila kupitia umeme wala betri.

Kilichoua betri ya mama

Turudi Meru. Fundi mmoja wa huko kwetu, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi, alikuja siku ile ya pili na mita yake ndogo. Alipima betri, akatikisa kichwa. Akapanda paani, akakaa huko muda mrefu akitazama juu badala ya kutazama paneli. Aliposhuka aliniuliza, "Mzee, hii betri ulinunua ya sola ama ya gari?"

Nilimwambia sijui. Nilikuwa nimeingia katika duka moja jijini, nikasema nataka "sola ya nyumbani", nikapewa nilichopewa.

"Hii ni ya gari," akasema. "Ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa nukta chache, basi. Sahani zake za ndani ni nyembamba. Ukiitumia usiku kucha kama ng'ombe wa maziwa, haifikishi mwaka."

Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na lilikuwa langu. La pili lilikuwa la mpwa wangu. Kati ya paneli, betri na taa hufungwa kifaa kidogo kiitwacho kontrola ya chaji. Kazi yake ni ya bawabu: huzuia betri isishibe kupita kiasi mchana, na usiku huzima taa kabla betri haijakauka kabisa. Kijana alikuwa ameletewa runinga kuukuu ya wati 40, na kila kontrola ilipoizima katikati ya mechi, alikasirika. Mwishowe aliunganisha nyaya zake moja kwa moja kwenye betri, bawabu akarukwa.

"Mjomba, nilidhani ile kitu ndiyo imeharibika," alijitetea akiangalia miguu yake.

Betri ya risasi ikikaa bila nguvu, salfeti huganda juu ya sahani zake kama ukoko ndani ya sufuria. Ukoko huo ukishakomaa hautoki tena, na kila siku betri hushika nguvu chache kuliko jana. Ndiyo maana taa za mama zilizimika saa nne, kisha saa mbili, kisha zikakataa.

Kosa la tatu ndilo lililokuwa likimfanya fundi atazame juu. Mparachichi wa mama ulikuwa umenawiri, na kuanzia saa nane za mchana kivuli cha tawi lake moja kiliangukia pembe ya paneli. Mtu angedhani kivuli kikifunika sehemu moja ya kumi, nguvu zitakazopotea ni moja ya kumi. Sivyo. Vipande vya silikoni ndani ya paneli vimefuatana kama ndoo zinazopokezanwa na watu kwenye mstari wakati wa kuzima moto. Mmoja akilala, mstari wote unakwama.

Fundi alinipigia hesabu chini kwa kijiti. Paneli niliyonunua ilikuwa ya wati 50. Kwa saa 4 na nusu za jua ni wati-saa 225, na ukiondoa za kupotea njiani zinabaki kama 160, kabla hata ya kivuli. Nyumba nayo, tangu runinga ije, ilikuwa ikitumia zaidi ya 240. Ni sawa na mtu anayepata mshahara wa shilingi 160 na kutumia 240 kila siku, kisha anashangaa kwa nini benki imemfungia mlango.

Betri ile iliyokufa hatukuitupa. Tuliirudisha kwa mfanyabiashara anayezipokea kuukuu. Risasi ni sumu inayodhuru hasa ubongo wa mtoto. Wakazi wa kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, waliishi jirani na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, wakadhurika, na mnamo Julai 2020 mahakama iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Basi usiipasue betri nyuma ya nyumba wala usimwage asidi yake shambani.

Nenda dukani na tepu

Msomaji atauliza, nitajuaje kuwa sipunjwi dukani? Beba tepu ya kupimia. Paneli hupimwa nguvu zake chini ya mwangaza wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Ikiwa inageuza moja kwa tano, basi mita nzima ya mraba itatoa wati 200, na paneli ya wati 100 haina budi kuwa na eneo la karibu nusu mita ya mraba. Ukionyeshwa paneli ya urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 40, nayo imeandikwa wati 100, zidisha: ni chini ya robo mita. Karatasi ya nyuma inasema uongo, hata iwe na picha nzuri namna gani.

Pili, angalia unene wa waya. Umeme wa volti 12 huchoka haraka ukitembea katika waya mwembamba na mrefu. Weka betri karibu na paneli kadiri uwezavyo, na usikubali fundi aokoteze nyaya za redio. Usisahau pia fyuzi karibu na betri, kwa maana betri ikikutanishwa nyaya zake inaweza kuwasha moto.

Tatu, muulize fundi leseni. Kanuni za mwaka wa 2012 kuhusu sola ziliweka sharti kwamba wanaofunga na wanaouza mitambo hii wawe na leseni, na mamlaka ya kawi, EPRA, ndiyo inayozitoa. Muulize vilevile kuhusu dhamana, uipate kwa maandishi pamoja na risiti. Rahisi huvunja upishi.

Na upepo je?

Wapo wanaouliza kwa nini tusifunge pangaboi juu ya nyumba tukavuna upepo. Swali ni zuri, kwani upepo huvuma hata usiku. Watu wa pwani waliutumia kaskazi na kusi kuendesha majahazi kwa karne nyingi, na huko Thika kumetengenezwa vinu vya upepo viitwavyo Kijito vya kuvuta maji ya visima. Lakini upepo una hesabu kali kuliko ya jua. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu zake huongezeka mara nane. Ikipungua nusu, hubaki moja ya nane tu.

Tuchukue pangaboi lenye upana wa mita moja. Upepo wa mita 10 kwa sekunde, ambao huyumbisha miti, waweza kulipa kama wati 140. Upepo wa mita 5 kwa sekunde utalipa kama wati 18, na wa mita 2 na nusu, ule unaotikisa majani tu, hautoi chochote cha maana. Katika mitaa yetu ya mjini upepo huvunjwavunjwa na magorofa na miti. Wataalamu hushauri mnara uzidi kwa mita 10 hivi kitu chochote kilicho umbali wa mita 100 kuuzunguka. Nani atakayeusimamisha mnara kama huo Umoja au Kayole?

Ndiyo sababu upepo umefaulu zaidi penye uwanda na kasi. Kule Loiyangalani, Marsabit, kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya, upepo hupita kama kwenye koo la chupa, kwa wastani wa takriban mita 11 kwa sekunde. Mitambo 365 imesimamishwa huko, nayo inaweza kutoa megawati 310. Ilikamilika mwaka wa 2017, lakini ilikaa ikingojea waya wa zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, na umeme wake haukuanza kufika hadi Septemba 2018. Vilima vya Ngong na Kipeto huko Kajiado vina mitambo pia. Kwa hivyo huenda taa inayowaka nyumbani kwako jijini usiku wa leo ina upepo wa Turkana ndani yake. Mwenye boma kwenye kilima kilicho wazi anaweza kuufikiria upepo kama msaidizi wa sola. Sisi wengine tuvune jua.

Walio kwenye nyumba za kupanga

Najua wasomaji wetu wengi hawana paa la kujivunia. Paa ni la landilodi, nao wako orofa ya tatu. Kwao kuna ushauri wa kweli ingawa haupendezi masikio: ukiwa na stima na ni mpangaji, usikimbilie kununua mtambo mkubwa utakaokutesa siku ya kuhama. Anza na kuokoa. Balbu ya zamani ya wati 60 ukiibadilisha kwa ya LED ya wati 9 utapata mwangaza wa kutosha kwa chini ya moja ya sita ya umeme. Zima runinga kwenye swichi ya ukutani, si kwa rimoti tu. Pata taa ndogo ya sola inayokaa kwenye roshani mchana, ili mtoto asiache kazi ya shule stima ikipotea.

Wapangaji wakiungana wanaweza kumshauri mwenye ploti aweke sola ya taa za ngazi na lango. Ni gharama ambayo wao ndio huilipa mwisho wa yote. Lakini onyo moja: mtu asichomeke inveta kwenye soketi ya ukutani ati awashe nyumba nzima wakati stima imepotea. Umeme huo huweza kutoka nje na kumuua fundi aliyepanda mlingoti akidhani waya umezimwa.

Mparachichi na daftari

Mama alikataa katakata mparachichi wake usikatwe. "Huo ulinisomeshea wewe," aliniambia. Basi fundi akaihamishia paneli kwenye paa la zizi la ng'ombe, akaongeza ya pili ya wati 50, akaielekeza mahali peupe, akaiinamisha kidogo ili mvua ioshe vumbi. Tulinunua betri ya sola ya ampea-saa 100. Kontrola ilirudishwa mahali pake, na ile runinga kuukuu ikabadilishwa kwa ndogo ya wati 20. Kijana alipewa kazi ya kupangusa paneli kila Jumamosi asubuhi kabla hazijapata moto.

Fundi alifanya jambo moja zaidi. Alitundika daftari la kurasa 48 kwenye msumari ulio karibu na kontrola, akamwonyesha mama vijitaa vyake: kijani ni shibe, manjano ni tahadhari, nyekundu ni njaa. "Nyanya," alimwambia, "wewe ndiwe meneja. Andika kila jioni."

Niliporejea huko mwezi wa Agosti mvua ya manyunyu ilikuwa imekaa siku mbili. Mpwa wangu alikuwa mezani chini ya taa nyeupe, vitabu vimemzunguka. Runinga ilikuwa imefunikwa kitambaa. Nikauliza kama imeharibika, maana usiku ule kulikuwa na mechi kubwa. Kijana hakunijibu, alinionyesha daftari kwa kidole. Nililifungua. Chini ya tarehe ya siku ile, kwa mwandiko wa mama wa kalamu ya risasi, palikuwa pameandikwa: "Mawingu. Manjano. Taa ya kusoma, ndiyo. Mpira, hapana."